Petroli Tumboni mwa Mashua

Inspekta Elimringi Nkya alikuwa ameshafungua kufuli, ameinua kifuniko cha mashua kiasi cha upana wa kiganja, na kidole gumba chake kiko juu ya swichi ya tochi, aliposikia mtu akipiga kelele nyuma yake.

"Usiwashe!"

Aliyepiga kelele alikuwa mtuhumiwa wake. Mzee Melkior Tesha alisimama kando ya Land Rover ya polisi, mikono yake imefungwa pingu, Konstebo Magreth kamshika kiwiko. Tangu watoke kituoni Himo mzee huyu hakuwa ametamka neno. Sasa alikuwa amenyoosha shingo na macho yamemtoka.

"Usiwashe tochi, Inspekta. Usiguse kitu chochote cha umeme humo. Rudisha kifuniko polepole, usikibamize, halafu ushuke."

Elimringi alitaka kumwambia anyamaze. Ndipo harufu ikamfikia. Haikuwa ile harufu ya kawaida ya injini inayomfanya mtu apanguse pua na kuendelea na kazi. Ilimkamata kooni, macho yakamwaga machozi. Alirudisha kifuniko kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, akashuka ngazi ya miti kipago kwa kipago.

Mashua yenyewe ilikuwa kioja cha Kilema nzima. Urefu wake hatua kumi, imeegeshwa juu ya magogo katikati ya migomba na mibuni, mlingoti umelazwa juu yake, mahali ambapo maji makubwa kuliko yote ni mfongo, mfereji wa kumwagilia unaopita ukingoni mwa kihamba, shamba la ukoo. Melkior alikuwa fundi mitambo wa meli Tanga kwa miaka ishirini na miwili. Alipostaafu aliinunua kwa mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa akihama nchi, akaipandisha kwa lori ili aitengeneze nyumbani. Mwaka ule wa 1993 kila mtu alikuwa na mradi wake, na wa Melkior ulikuwa kuvusha abiria na samaki katika bwawa la Nyumba ya Mungu: kwa tanga upepo ukiwepo, na upepo ukikata, kwa injini ya petroli iliyofungwa tumboni mwa mashua. Lori la kuishusha lilikuwa lije Jumamosi.

Alhamisi asubuhi shemeji yake, Basili, fundi wa mashine ya kusaga, alikutwa amekufa ndani ya mashua hiyo, amelala kifudifudi, kichwa ndani ya shimo la injini. Hakuwa na jeraha. Daktari aliandika kwamba mapafu yamejaa maji na ngozi ya uso na kifua imebabuka. Elimringi alipoisoma taarifa hiyo aliwaza tindikali, akawaza sumu, na kwa kuwa majirani walimsikia Basili akigombana na Melkior siku ya Jumanne, aliagiza Melkior akamatwe. Kabla hata taarifa hiyo haijamfikia alikuwa ameshaagiza kwa simu: mashua ifungwe kila mahali, asiingie mtu.

"Nani aliyefunga vifuniko vyote?" Melkior aliuliza.

"Polisi. Ni amri yangu."

"Tangu jana saa ngapi?"

"Saa tano asubuhi."

Mzee alifumba macho. "Kwa hiyo imepikika humo siku nzima. Inspekta, mvuke wa petroli ni mzito. Haupandi juu kama moshi. Unakaa chini, unajaa kwenye mashua kama uji kwenye bakuli, na bakuli likijaa, unafurika na kuteremka. Cheche ya tochi yako ingetosha. Mimi na wewe na huyu binti tungeokotwa vipande."

Alisema "kuteremka", na wote watatu wakageuka kutazama bondeni kwa pamoja.

Hatua hamsini chini yao, chini ya turubai, msiba wa Basili ulikuwa umejaa. Watu sitini, labda zaidi. Masufuria matatu ya mtori yalikuwa juu ya mafiga na moto ulikuwa unawaka vizuri.

Konstebo Magreth hakusubiri kuambiwa. Alivua kofia akateremka mbio kati ya migomba. Elimringi alimwona akisema na akina mama, akaona mikono ikirushwa juu kwa kushangaa, mtu akibishana, kisha ndoo ya kwanza ya maji ikamwagwa na moshi mweupe ukapanda. Ndoo ya pili. Ya tatu. Wazee walianza kuinuka kwenye mabenchi na kuelekea barabarani, wanawake wamebeba watoto.

"Nani anaweza kuzuia hiyo petroli?" Elimringi aliuliza.

"Mimi."

"Mwingine?"

"Kilema hii? Hakuna."

Elimringi alimtazama. Huyu ndiye mwenye ufunguo, ndiye aliyegombana na marehemu, na kama alikuwa na neno la kuficha basi lilikuwa ndani ya mashua hiyo hiyo. Miaka kumi na minane kazini hakuwahi kumfungulia mtuhumiwa wa mauaji pingu mahali penye ushahidi. Alitoa ufunguo mfukoni akamfungulia.

"Niambie kila unachofanya kabla hujafanya," alisema.

"Nitakuambia."

Melkior alivua viatu vyake vya misumari, akavua saa na mkanda, akabaki na shati la pamba na suruali. Alipanda kutoka upande unakotoka upepo. "Nafungua kifuniko cha mbele na cha nyuma. Vyote viwili, ili upepo uingie huku utokee kule. Siigusi betri. Watu wengi wangekimbilia kuchomoa waya wa betri. Hapo hapo ndipo cheche inaporuka. Betri ni ya mwisho." Alivifungua, uso kaugeuzia pembeni, akateremka tena upesi. "Sasa tunangoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka upepo ufanye kazi yake. Si chini ya saa nzima."

Walingoja. Ilikuwa saa ndefu kuliko zote alizowahi kusimama Elimringi. Katikati yake mtu mrefu aliibuka kutoka upande wa juu wa kihamba, akija moja kwa moja, na mdomoni ana sigara inayowaka.

"Simama!" Elimringi alinguruma.

Yule mtu alisimama, akashangaa, akaitoa sigara mdomoni akawa kama anataka kuitupa nyasini. Elimringi alimfikia kwa hatua nne, akamkamata mkono, akaichukua sigara, akaizamisha kwenye maji ya mfongo.

"Wewe ni nani?"

"Ildefonce. Mdogo wake Melkior." Alimtazama kaka yake pasipo kumsalimu. "Hiyo takataka bado haijaondolewa?"

Elimringi alikuwa na jina hilo kwenye daftari. Ildefonce Tesha: alitangaza nje ya kanisa kwamba ataichoma moto mashua.

"Ulisema utaichoma."

"Nilisema, na watu wote walisikia. Ameiweka juu ya kaburi la baba. Wewe ungesemaje?"

"Tangu Jumatano mchana ulikuwa wapi?"

"Sanya Juu, mnadani. Nilipeleka ndama wawili. Nimelala huko, nimerudi jana saa nne, nikakuta watu wamesimama wanaogopa mashua, wanasema imelaaniwa. Mimi na jirani ndio tuliomvuta Basili kwa kamba. Nikatapika hapo, kwenye huo mgomba. Kichwa kinaniuma mpaka leo." Alichomoa karatasi mbili kwenye mfuko wa shati. Moja ilikuwa kibali cha kusafirisha mifugo, kimepigwa muhuri Sanya Juu, Jumatano alasiri, na kingine cha Alhamisi alfajiri kwa ndama ambaye hakupata mnunuzi.

Elimringi alivisoma mara mbili, akamrudishia. "Nenda barabarani na wenzako. Na viberiti viache hapa kwangu."

Saa ilipotimia Melkior alipanda tena. Alivuta pumzi nje, akaingia nusu mwili, akatoka, akavuta pumzi nyingine. Mara ya tatu alisema, "Nimefunga koki ya tangi. Haimwagiki tena." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Inspekta, mneli, hili bomba jembamba la petroli, umelegezwa kwenye nati. Hii si ajali."

"Usiguse nati."

"Sijaigusa. Spana ya Basili bado ipo juu yake."

Baada ya hapo Melkior aliingia chini ya mashua kwa magoti. "Maji na petroli vyote vinakusanyika chini kabisa, kwenye ngama. Hapa kuna tundu la kuyatolea, na hiki kizibo chake tunakiita nguruzi. Nitakichomoa kwa mkono, si kwa nyundo. Nahitaji chombo cha kukingia." Akanyoosha mkono, kisha akasita. "Aa. Kipo tayari."

Chini ya tundu hilo, juu ya majani, palikuwa na beseni la plastiki la buluu, ukingo wake umeungua upande mmoja. Lilikuwa kavu kabisa. Elimringi aliliona, akalipita. Kazi ilikuwa nyingi mno kwa wakati ule.

Petroli ilitoka ikiwa na rangi ya chai hafifu. Walikinga taratibu, wakajaza dumu la kwanza na nusu ya la pili, wakayapeleka juu kwenye uwanda, mbali na mfongo, kwa sababu kaya thelathini za chini zilikunywa maji yake. Pampu ya umeme ya mashua haikuguswa. Yaliyobaki Melkior aliyafyonza kwa matambara, akayaanika mbali mbali. Alisugua ngama kwa maji ya sabuni mara mbili. Mwisho alilala kifudifudi, akashusha pua yake mpaka chini kabisa, pale pale alipolala Basili, akavuta pumzi.

"Usipime harufu ukiwa umesimama," alisema alipoinuka. "Ikiisha huku chini ndiyo imeisha." Kisha akachomoa waya wa betri, akaketi kwenye gogo, akajifunika uso kwa viganja.

Sasa Elimringi aliingia. Mwanga wa mchana uliotoka vifunikoni ulimtosha. Mneli wa shaba ulitoka kwenye tangi kuelekea kwenye injini, na pale ulipoungana na koki palikuwa na nati ya shaba ukubwa wa kidole gumba. Spana namba kumi na nne ilikuwa imeing'ang'ania. Aliichomoa kwa leso, akaichunguza nati kwa makini. Pembe zake zilikuwa zimetafunwa, zina meno meno mapya yanayong'aa. Spana haitafuni nati hivyo.

"Mzee Melkior, wewe ungeilegeza nati hii kwa kitu gani?"

"Kwa spana. Kumi na nne."

"Na Basili?"

"Basili alikuwa fundi. Angemcheka mtu anayeshika nati ya shaba kwa plaizi."

"Imeshikwa kwa plaizi."

Mzee aliinua kichwa.

"Aliyeilegeza hakuwa fundi," Elimringi aliendelea, akijisemea zaidi kuliko kumwambia. "Na spana ilikuwa imekaa upande wa kukaza. Basili alikuja kuifunga. Alijua imelegezwa, akaja kuifunga, mvuke ukamlewesha kabla hajamaliza. Alijuaje?"

Melkior alitikisa kichwa.

"Jumanne mligombana nini?"

"Alisema nisimwache dada yake tena. Alisema miaka ishirini na miwili Theodora amelala peke yake, amelea watoto peke yake, ameuza kahawa peke yake, nimekaa nyumbani miezi minane tu na sasa nataka kwenda kuishi bwawani. Nikamwambia si Tanga, ni Nyumba ya Mungu tu hapo. Akasema maji ni maji."

Elimringi alitoka, akachutama mbele ya lile beseni. Mtu anayetaka kuua hawekei petroli beseni. Mtu anayetaka kuichoma mashua haweki beseni. Anayeweka beseni anatazamia kitu kimwagike nje, na hataki kiharibike wala kichafue majani.

"Beseni hili ni la nani?"

"La jikoni. Mvua ikinyesha maji yalitokea hapo, mama watoto alikuwa akiyakinga, anawanywesha ndama."

"Na nguruzi uliiweka lini?"

"Jumatano asubuhi, kabla sijaenda Himo kutafuta lori. Nilitaka niiwahi, nisije nikaisahau tukafika majini..." Sauti ilimkatikia. Alilitazama beseni, akamtazama Inspekta, na rangi ya uso wake ikawa ya majivu. "Hapana," alisema. "Hapana, Inspekta. Hapana."

Theodora alikuwa jikoni, mbele ya mafiga yaliyolowa, peke yake. Wenzake wote walikuwa barabarani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, amejifunga kanga mbili, mikono mikubwa ya mkulima imelala mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Elimringi aliketi kwenye kigoda. Melkior alisimama mlangoni, na Magreth nyuma yake.

"Mama, pole kwa msiba. Naomba nikueleze alivyokufa mdogo wako, kwa sababu nadhani hujaelezwa. Hakupigwa na mtu. Petroli ilivuja ndani ya mashua, mvuke wake ukajaa chini, akainamisha kichwa humo akakosa pumzi."

"Mvuke?" Theodora aliuliza.

"Mvuke. Hata bila moto unaua."

"Lakini haikuwemo ndani. Ingetoka chini." Alilisema haraka, kama mtu anayemsahihisha mwenzake. "Kila kitu hutoka kwa lile tundu la chini."

Nje, kuku alikuwa akichakura kwenye majivu yaliyolowa.

"Tundu lilizibwa, Theodora," Melkior alisema kutoka mlangoni. "Nililiziba Jumatano."

Theodora alimtazama mumewe. Kisha maneno yakaanza kutoka yenyewe, bila machozi, bila kupanda wala kushuka.

"Nilichukua plaizi ya kwenye dirisha. Wewe ulikuwa Himo. Nilikuwa nimekuona ukifungua pale, siku ile ulipokuwa unasafisha. Nikazungusha kidogo, ikaanza kudondoka, nikafunika. Nikaweka beseni. Nikasema petroli ikiisha, lori likija Jumamosi hakuna petroli, na petroli yenyewe wiki hii Himo hakuna. Nikasema nitakupata wiki moja zaidi. Labda mbili."

"Mama, Konstebo anaandika unayosema," Elimringi alimwambia. "Si lazima useme."

"Asubuhi beseni lilikuwa kavu, nikadhani imepotelea majanini. Nikasikia harufu imezidi, nikaogopa. Nikaogopa utaniona, utanikasirikia. Nikaenda kwa Basili. Nikamwamsha mimi. Nikamwambia, mdogo wangu, nenda ukakaze pale kabla shemeji yako hajaamka, na usimwambie." Alishika meza. "Alicheka. Alinicheka, akachukua spana yake akaenda. Mimi nikarudi kumchemshia chai."

Elimringi alikuwa amewahi kusikia watu wengi wakikiri. Wengine walilia, wengine walijisifu, mmoja alijaribu kumchoma kisu. Hakuwahi kutamani anayekiri anyamaze. Alimtazama Magreth, binti wa watu alikuwa amegeukia ukuta.

Melkior aliingia. Kwa dakika nzima Elimringi hakujua kama mzee anakwenda kumpiga mkewe, akajiandaa kuinuka. Melkior alipiga magoti kwenye matope ya majivu mbele yake.

"Ungeniambia," alisema. "Theodora. Ungeniambia neno moja tu, ningeipasua kuni."

"Ungeipasua?"

"Ningeipasua."

Hapo ndipo alipolia, na kilio chake kikafika barabarani, na waombolezaji waliokuwa huko, waliodhani ni kilio cha dada kama cha jana, wakakiitikia.

Elimringi aliwaacha kiasi. Kisha alifanya alichotakiwa kufanya. Alimweleza Theodora kwamba anakwenda naye Moshi, kwamba kuua bila kukusudia si sawa na mauaji, kwamba ataandika yote, beseni na nguruzi na spana, na ataandika pia kwamba polisi walivifunga vifuniko kwa amri yake na karibu waue watu sitini wengine. Theodora aliitikia kwa kichwa. "Sijui kama alisikia hata nusu," Elimringi alimwambia Magreth baadaye.

Pingu hakuzitoa mfukoni. Walipanda wanne hadi barabarani, Theodora katikati, na waombolezaji wakasimama kuwapisha. Walijua kwamba mazishi ni kesho. Wakaona gari la serikali lililokuwa limesogezwa hapo, wakaona dada wa marehemu amejitanda kanga, mumewe kafunguliwa pingu, na wakaelewa kwa namna yao: polisi wamemwachia Melkior, sasa wanawapa lifti kwenda hospitali kumvika maiti.

Mjane wa Basili, Mektrida, alitoka kati ya wanawake. Alikuwa amebeba suti nyeusi mikononi, imepigwa pasi, na shati jeupe na soksi juu yake.

"Wifi, ungeisahau," alisema. "Mvishe wewe. Alikuwa anakupenda kuliko sisi wote."

Theodora alisimama. Elimringi aliwatazama watu wale, akafungua mlango wa gari. Theodora alinyoosha mikono yote miwili, akaipokea suti, akaipakata kifuani, akaingia garini nayo.

Mektrida mwenyewe ndiye aliyemfungia mlango.